Krimu, ivori, brokeni waiti: mbona dukani zinafanana halafu ukutani zinakugeuka

Ukiingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, Kigoma mjini, ukaomba kadi ya rangi, kuna ukurasa mmoja ambao watu wengi wanakwama hapo hapo. Siyo ule wa bluu wala wa kijani, huo mtu anajua anachotaka. Ni ule wa rangi nyepesi, zile ambazo ukimuonyesha mtu anakwambia "hizi si zote nyeupe tu?" Kuna nyeupe yenyewe, ofu waiti, brokeni waiti, ivori, krimu, magnolia, alafu kuna zingine zina majina ya maua na mchanga na maziwa, vimepangwa vipande vidogo vidogo mstari mmoja, na ukivitazama chini ya taa ya dukani huoni tofauti, mwisho unanyoosha kidole kwenye kimoja kwasababu muuzaji anasubiri na nyuma yako kuna mtu anataka misumari. Wiki moja baadae chumba kiko pinki. Au kijani. Au kina ubaridi fulani ambao hakuna anayeweza kuueleza, ila kila anayeingia anauona.

Naandika hili kwasababu naona watu wanaumia nalo. Huku kwetu nyumba haijengwi kwa mkupuo. Mwaka huu msingi, mwaka kesho unainua boma, unakaa unatafuta hela ya kupaua, madirisha yanakuja baadae, plasta baadae tena, kwahiyo mpaka unafika kwenye rangi mfuko umetoboka na unachotaka ni kuhamia tu, basi rangi ndo inachaguliwa haraka haraka kuliko kitu kingine chochote, wakati ndo kitu utakachokitazama kila siku ukifungua macho. Na kupaka upya siyo jambo dogo, ni ndoo nyingine, ni fundi tena, ni kusogeza makabati na kulala sebuleni siku mbili.

Msimamo wangu nauweka mapema: ukiwa unachagua kati ya rangi nyepesi zinazofanana, kadi ya rangi ndo kitu cha mwisho kukishika. Kwanza vioo vya madirisha, tailizi, taa, na mapazia kama unayo tayari, ndipo rangi. Wengi tunafanya kinyume, mtu anaipenda krimu fulani aliyoiona kwenye simu, anaipaka, alafu ndo anaanza kutafuta taa na tailizi za kuendana nayo. Sasa rangi inaweza kuchanganywa kwa namna maelfu, lakini tailizi zilizopo dukani ni hizo hizo zilizopo, huwezi kumwambia muuzaji akuongezee tone la njano kwenye tailizi. Kinachoweza kubadilika ndo kikifuate kisichobadilika.

Sasa tuingie kwenye ndoo yenyewe tuone kilichomo.

Rangi nyeupe ya siku hizi weupe wake unatoka kwenye unga unaoitwa titani daioksaidi, ndo unaofunika ukuta mpaka usione kilichokuwepo chini. Zamani walitumia weupe wa madini ya risasi, ukaonekana ni sumu, watu wakahamia kwenye titani. Unga huu pamoja na ile gundi ya rangi hautoi weupe mkali sana, una unjano kwa mbali, kwahiyo kiwanda kikitaka nyeupe inayowaka kinatia kitone cha bluu au zambarau, ni kama mtu anavyotia bluu kwenye maji ya kusuuzia shati jeupe la shule, shati halijawa jeupe zaidi ila ule unjano umefichwa na jicho limekubali. Ndo maana ile nyeupe kabisa ya kwenye ndoo, ambayo watu wanaichagua kwa kudhani haina rangi yoyote, mara nyingi inavuta bluu.

Zingine zote zinaanzia hapo hapo kwenye nyeupe, mashine ya kuchanganyia inadondosha matone. Ikidondosha njano ile ya udongo unapata krimu na ivori. Ikiongeza na wekundu kidogo zinakuja magnolia na ndugu zake. Ikidondosha nyeusi tupu watu wanategemea kijivu, lakini nyeupe na nyeusi peke yake zikikutana zinavuta bluu, kwahiyo kuna "kijivu chepesi" ambacho ukipaka chumbani mama watoto anakuuliza mbona umeleta bluu. Na ikidondosha njano pamoja na nyeusi inakuja kitu kinavuta kijani kwa mbali sana, na hii ndo inayowakamata watu wengi maana kwenye kadi inaonekana ni krimu iliyotulia tu, haina kelele, mtu anaipenda hasa kwasababu ya huo utulivu.

Kwahiyo swali la kuuliza siyo ipi nyeupe zaidi. Ni hii inavuta wapi? Njano, pinki, kijani, bluu, zambarau, karibu kila rangi nyepesi inavuta upande mmoja, hata ikiwa kwa mbali namna gani. Na usiende na jina kabisa. Hakuna sheria inayosema ivori iwe na matone mangapi, kila kiwanda kina fomula yake, magnolia ya kiwanda hiki inaweza kuwa na pinki ya wazi na magnolia ya kiwanda kile ikawa krimu tu. Mtu akikwambia "mimi nilipaka brokeni waiti ikatoka vizuri" hajakupa habari yoyote mpaka akutajie na kiwanda, tena hata hapo bado hujaiona nyumba yake ina mwanga gani.

Kuujua huo mvuto, njia ya kwanza ni kutoiangalia rangi peke yake. Jicho la mtu linazoea. Ukikaa kwenye mwanga wa njano dakika chache, ubongo unauchukulia kuwa mweupe na unaendelea na maisha, na rangi nyepesi ukiitazama yenyewe inafanyiwa hivyo hivyo, inaitwa nyeupe basi. Lakini weka mbili au tatu pembeni pembeni, zigusane, hapo hapo moja inakuwa ya pinki na nyingine ya kijani mbele ya macho yako, unashangaa dakika moja iliyopita ulisema zinafanana. Njia ya pili chukua karatasi nyeupe ya A4, ile ya kuchapishia, iweke chini ya vipande vyote. Ila jua kwamba karatasi ile nayo imetiwa dawa ya kuifanya ing'ae kibluu mchana, kwahiyo kila kitu juu yake kitaonekana cha njano zaidi ya kilivyo, usiitumie kusema "hii ni njano sana", itumie kulinganisha vipande wenyewe kwa wenyewe.

Njia ya tatu ndo naipenda kuliko zote na haina gharama. Kadi nyingi zinapanga rangi kwa ukoo, kutoka nyepesi kabisa juu mpaka nzito kabisa chini. Usihangaike na ile nyepesi, shuka chini kaangalie babu yao. Kama ile nzito ya mwisho ni kahawia yenye wekundu, basi na ile nyepesi ya juu ina wekundu, umeshajua siri yake. Kama ya mwisho ni kama jani lililokauka, ile "krimu" yako itakutoa kijani siku moja. Kwenye kadi ambazo hazijapangwa hivyo muombe muuzaji akuonyeshe fomula kwenye kompyuta ya mashine, utaona ameandikiwa matone ya rangi gani na gani, wengi hawakatai ukiomba kwa upole.

Kwenye kadi zingine utakuta na namba imeandikwa LRV. Hiyo inasema ukuta utarudisha mwanga kiasi gani, 0 ni nyeusi ya kumeza kila kitu na 100 ni nyeupe isiyomeza chochote. Nyeupe nyingi ziko 80 kwenda juu, krimu nyingi zinacheza kwenye 70 na kitu. Inasaidia kwa korido au chumba chenye dirisha dogo, basi, haikwambii chochote kuhusu mvuto, rangi mbili zinaweza kuwa na LRV ile ile moja ikawa pinki na nyingine kijani.

Tukija kwenye mwanga ndo kuna utamu, na ndo sehemu ambayo ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu zetu hautufai kabisa. Utasoma kwamba chumba cha dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi hakipati jua, kwahiyo kipake rangi ya joto. Hiyo ni kweli kwa Uingereza au Marekani ambako jua linapita upande wa kusini mwaka mzima. Sisi Kigoma, na Tabora pia, tuko kama digrii 5 tu kusini mwa Ikweta. Jua la huku linahama. Kuanzia kama wiki ya pili ya mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua la mchana linapita upande wa kaskazini, mwezi wa sita linalala kaskazini kama digrii 28 kutoka utosini. Ikifika mwezi wa kumi linavuka linaenda kusini, mwezi wa kumi na mbili liko huko kama digrii 18. Kwahiyo dirisha lako la kaskazini, wakati wa kiangazi chote ndo lenye mwanga mzuri, na la kusini linapata zamu yake masika yakiwa yameanza na mawingu yamejaa. Mtu aliyefuata ule ushauri akapaka njano ya joto chumba cha kaskazini akidhani anakipasha, mwezi wa saba atakaa ndani ya ndizi mbivu.

Kinachotusumbua zaidi ni mashariki na magharibi. Na hapa Kigoma ina mambo yake, saa zetu ni za Dar lakini jua siyo la Dar, tuko mbali magharibi, jua la utosini linafika kama saa saba mchana na jioni linazama karibu dakika 40 nyuma ya Dar. Kwahiyo chumba kinachotazama ziwa kinapigwa na jua la jioni mpaka saa moja kasoro, tena ni lile la chini, la rangi ya chungwa, linaingia moja kwa moja chini ya kipenu cha bati. Asubuhi chumba hicho hicho kipo kivulini, mwanga wake ni wa anga tu, na mwanga wa anga ni wa kibluu. Ukuta mmoja, siku moja, unaishi maisha mawili.

Shemeji yangu anamalizia nyumba Bangwe, hapa hapa Kigoma, sebule yake inatazama ziwa, na alishaamua kabisa kuchukua ile yenye pinki kwa mbali kwasababu dukani ilionekana ya kistaarabu. Nikamuomba tupake vibao kwanza. Akaniambia, "Shemeji, hizi si zote krimu, tunapoteza siku bure." Tukachukua vipande vya jipsamu vilivyobaki kwenye dari, tukapaka kimoja ivori, kimoja ile ya pinki, na kimoja cha tatu ambacho yeye hakukitaka, rangi ya mchanga mkavu hivi, imepoapoa. Tukavisimamisha ukutani.

Saa tatu asubuhi shemeji alikuwa sahihi. Ya pinki ilikuwa nzuri kuliko zote, imechangamsha kivuli, ivori nayo safi, ile ya mchanga imekaa kimya tu kama haijapakwa. Nikamwambia tusubiri. Ilipofika saa kumi na moja na nusu jua likaanza kuingia, kwanza kwenye sakafu, alafu likapanda ukutani, na kwakuwa ziwa liko pale chini mwanga mwingine ukawa unatoka majini unapiga dari, unaona mawimbi yanacheza juu kwenye jipsamu. Ile ya pinki ikageuka chungwa lililoiva, hakuna lugha nyingine. Ivori ikawa njano ya kupiga kelele. Na ile ya mchanga, ambayo asubuhi ilikuwa haina uhai, ndo ikawa ile krimu ambayo shemeji alikuwa anaitafuta siku zote. Alisimama pale kaweka mikono kiunoni, hakusema kitu, akaivuta ile ya pinki akaigeuza ikatazama ukuta.

Hapo hatujamaliza, maana usiku ukaja na kesi yake. Taa aliyokuwa ameifunga ni ile balbu ya LED nyeupe sana, imeandikwa 6500K, ndo zimejaa madukani kwetu. Hiyo K ni kelvini, namba ikiwa kubwa mwanga unakuwa wa kibluu, ikiwa ndogo, 2700 au 3000, mwanga unakuwa wa njano ya joto, na katikati kuna 4000. Chini ya ile 6500 ivori ikaanza kuvuta kijani, na ile ya mchanga tuliyokuwa tunaishangilia jioni ikawa kijivu imechoka. Tukabadili balbu tukaweka ya 3000, ikarudi kuwa krimu. Sasa jiulize sebule ya kwetu inatumika saa ngapi. Mchana watu wako kazini, sokoni, shuleni, mama yuko nyuma uani. Sebule inajaa saa mbili usiku taarifa ya habari ikianza, chini ya balbu. Kwahiyo balbu ya shilingi chache ina nguvu kwenye rangi yako kuliko ndoo ya lita 20, na ndo sababu nasema taa inachaguliwa kabla. Ukichagua rangi kwa mwanga wa mchana alafu ukaishi nayo kwa balbu ya usiku, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji ni wewe mwenyewe.

Kitu kingine ambacho sijaona kikisemwa sana ni vioo. Nyumba nyingi mpya siku hizi ni madirisha ya alumini na vioo vya tinti, vya bluu, vya kijani au vya kahawia. Kioo hicho kinachuja mwanga wote unaoingia. Ukiwa na kioo cha bluu na nyeupe inayovuta bluu, chumba kinapoa mara mbili, na hapo ndo unasikia mtu anasema nyumba yake inafanana na zahanati wakati rangi aliyochagua ni nyeupe nzuri tu. Kwa kioo cha bluu mimi ningeenda na inayovuta njano kidogo au pinki kidogo. Kwa kioo cha kahawia kinyume chake, krimu ya njano itazidi, chukua iliyopoa. Kioo cha kijani ndo kigumu, kikikutana na zile krimu za njano na nyeusi kinazitoa ukijani wote uliokuwa umejificha, hapo ile yenye wekundu kwa mbali ndo inasawazisha. Dirisha likifunguliwa mambo yanabadilika kidogo, ila ni nani anaacha dirisha wazi siku nzima na vumbi hili.

Na vumbi lenyewe, na udongo, navyo vinapaka. Jua la saa saba likipiga uwanja wa udongo mwekundu mbele ya nyumba, wekundu unaruka unaingia dirishani kwenda juu, unakaa kwenye dari na sehemu ya juu ya ukuta. Tabora kwenye zile nyumba zilizozungukwa na miembe ni ukijani, kivuli cha mwembe siyo cheusi, ni cha kijani, na chumba kilichopo chini yake kitavuta kijani hata ukipaka nini. Jirani akiezeka bati la bluu karibu na dirisha lako naye ameshakuchagulia. Hivi vitu huwezi kuvihamisha, ila kuvijua kunakuambia upande gani usiongeze.

Alafu kuna suala la kinachokaa pembeni ya rangi. Mkemia mmoja Mfaransa anaitwa Chevreul alikuwa anasimamia kazi ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kule Paris, watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazijakolea. Akachunguza, akakuta nyuzi hazina shida, shida ni rangi zilizofumwa pembeni yake, zinabadilisha jicho linavyoiona nyeusi. Mwaka 1839 akachapisha kazi yake kuhusu jambo hilo na mpaka leo linashikilia. Kwa nyumba zetu maana yake ni hii: dari ya jipsamu iliyopakwa nyeupe ya kuwaka inaufanya ukuta wa krimu uonekane wa njano zaidi, mlango wa mninga wenye wekundu unausukuma ukuta kwenye ukijani, na tailizi nyeupe za kibluu sakafuni zinaweza kuifanya krimu safi ionekane kama imeshika uchafu. Ndo maana mtu anasema "mbona kwa jirani ilikuwa nzuri", kwa jirani ilikaa na sakafu nyingine. Kama tailizi zako zina ukrimu wa njano, ukuta uvute njano pia, hata kidogo, usipeleke pinki karibu na njano, zinagombana na pinki ndo inayoonekana mbaya.

Mng'ao nao unacheza. Ile silki inarudisha mwanga kama kioo kidogo, ukuta unaonekana mweupe zaidi ukisimama pembeni na mabonde yote ya plasta yanajitokeza, wakati isiyong'aa inaonyesha rangi ilivyo na inaficha kazi ya fundi. Kwa watoto silki inafutika, sina ugomvi nayo. Ninachokiogopa ni rangi ya mafuta nyeupe au krimu, ile watu wanapaka nusu ya chini ya ukuta ili kuosha. Rangi ya mafuta inageuka njano kadri miaka inavyoenda, na inageuka zaidi penye giza, nyuma ya kabati na kwenye korido, kuliko penye mwanga. Kwahiyo juu umepaka ya maji na chini ya mafuta kwa namba ile ile, siku ya kwanza zimefanana, baada ya miaka michache una rangi mbili. Kama lazima upake mafuta chini, basi paka rangi tofauti kabisa, nzito, iwe wazi kwamba umekusudia.

Kwenye kujaribu, naomba watu waache ile tabia ya kupaka kamraba kadogo katikati ya ukuta wa zamani. Ukuta ule wa zamani kama ulikuwa kijani unakudanganya kama zile nyuzi za Chevreul, kila utakachopaka juu yake kitaonekana cha pinki. Tafuta kipande cha jipsamu au siling bodi, hata sentimita 60 kwa 60, kipake kwanza nyeupe ya chini ile ile utakayotumia ukutani, alafu mikono miwili ya rangi yenyewe, yaani unapaka mara mbili, uache ukingo mweupe pembeni. Kisimamishe wima, usikilaze mezani, kikilala kinapokea mwanga wa dari na kinaonekana chepesi kuliko kitakavyokuwa ukutani. Subiri kikauke kabisa ndo uhukumu, rangi ya maji ikiwa mbichi ina umaziwa, ikikauka inazama kidogo, wakati chokaa ni kinyume, mbichi inaonekana kama maji tu ikikauka ndo inatoka weupe, kwahiyo aliyezoea chokaa anaweza kushtuka. Kihamishe ukuta hadi ukuta, kiangalie asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka, na pembeni ya sofa.

Na ujue chumba kizima kitakuwa na rangi zaidi ya kibao. Kuta nne zinapeana mwanga, ukuta huu unaurushia ule na ule unarudisha, na kila mara mwanga unarudi umebeba rangi zaidi, kwahiyo ule mvuto uliouona kwa mbali kwenye kibao ukutani utakuwa karibu. Ukiwa kati ya mbili na huwezi kuamua, chukua iliyo nyepesi zaidi. Muuzaji wa mashine anaweza pia kukutolea fomula kwa nusu ya matone, muulize.

Plasta mpya iache angalau wiki nne kabla ya rangi, saruji mbichi ina ukali unaokula rangi na kuotesha chumvi, na hakuna krimu iliyochaguliwa vizuri itakayopona na madoa ya chumvi.

Kununua sasa. Lita moja ya rangi ya maji kwa kawaida inafunika kama mita za mraba 10 mkono mmoja. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye ukuta wa mita 3 kina mita za mraba 48, toa mlango na madirisha zibaki kama 42, mikono miwili ni 84, kwahiyo lita 8 na nusu hivi. Piga hesabu ya nyumba nzima na ununue zote siku moja, maana ndoo iliyochanganywa leo na itakayochanganywa mwezi ujao zinaweza kupishana kidogo hata kama namba ni ile ile, na kwenye rangi nyepesi huo upishano kidogo ndo kila kitu. Fundi azimimine ndoo zote za chumba kimoja kwenye beseni kubwa azikoroge pamoja kabla ya kuanza, na asiishie katikati ya ukuta jioni ikifika, amalizie kwenye kona. Kile kibandiko cha mashine kilichopo kwenye mfuniko kipige picha kabla hakijachafuka, kina namba ya fomula na tarehe, kwasababu siku sofa itakapogonga ukuta na unataka lita moja ya kurekebisha, ukienda dukani na jina tu la "krimu" utaanza upya.